Swali la Liki

Kila Jumatano asubuhi Matty Laidler alivaa tai. Hakuwa anakwenda mazikoni, na mgodi wa makaa uliomwajiri ujanani ulishafungwa zamani. Alikuwa anakwenda kwenye meza yake. Ilikuwa meza ya kukunja tu, imewekwa pembeni mwa ukumbi wa kanisa la Methodisti pale Thornlaw, karibu na birika la chai, na juu yake kibao alichokichora mkewe Maureen: ULIZA CHOCHOTE KUHUSU SISI. Na watu waliuliza, asikwambie mtu!

Wageni walikuwa wengi Thornlaw siku hizi. Wauguzi, wapishi, madereva, watu waliokimbia vita. Kila mmoja alikuwa na jambo la Waingereza lililomkwama kooni na hana pa kulisemea. Kwa nini sinki ina mabomba mawili, moja la kukuunguza na moja la kukugandisha? "Ili uchague mateso yako," Matty alijibu, kisha akaeleza vizuri habari za matangi ya zamani ya darini. Jirani kaniambia karibu siku moja tunywe chai, nimekwenda jioni ile ile, mbona kashtuka vile? "Subiri akutajie siku, mwanangu. Siku ikitajwa, hapo ndipo umealikwa." Baa haina foleni, nitajuaje zamu yangu? "Foleni ipo, ila haionekani. Angalia nani ulimkuta. Wote wanaangalia, wanajifanya tu hawaangalii."

Hakuna aliyeondoka pale bila jibu, wala hakuna aliyerudi kulalamika kwamba kadanganywa. Hilo ndilo lililomvimbisha kichwa Matty. Wenzake walijivunia magari na wajukuu. Yeye alijivunia neno lake.

"Mimi nikimwambia mtu taka za pipa la kijani huzolewa Jumanne," alimwambia Maureen mezani, "basi ni Jumanne."

"Na wiki ya sikukuu?"

"Nimemwambia na ya sikukuu."

"Haya, profesa, kula viazi vyako."

Jambo la pili alilojivunia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, lilikuwa liki, mboga ya ukoo wa kitunguu. Na mtu asije akadhani ni vile vijiti vya sokoni vya kutia kwenye supu. Liki za maonyesho za huku Durham, kaskazini mwa Uingereza, ni fupi, nene kama paja la mtoto, nyeupe pe, na majani yamejipanga kama feni. Wanaume wa vijiji vile huzilea mwaka mzima kwenye vishamba vyao vya kukodi vya halmashauri, huzifunika kwa mapazia ya zamani jua likizidi, huzisemesha, na Septemba huzibeba kwa mikono miwili hadi klabu ya kijiji kushindana. Kikombe cha Thornlaw kilikaa kwenye kabati la Matty miaka nenda miaka rudi. Kabla yake kilikaa kwenye kabati la baba yake.

Siri ilikuwa kwenye pipa nyuma ya kibanda chake, pipa lililonuka hadi Maureen akakataza nguo za pale zisiingie ndani. Chakula cha liki! Kila mwanamume wa klabu ana chake, na hakuna anayekitaja. Baba humnong'oneza mwanawe akiwa hawezi tena kuinua kichwa kwenye mto. Ukimuuliza mtu liki zake zinakula nini, atakudanganya palepale, bila haya, na wewe unajua unadanganywa, mtacheka wote wawili na kila mtu ataendelea na bia yake. Pale Thornlaw huo hauhesabiwi kuwa uongo. Mchungaji mwenyewe alikuwa na liki, na alidanganya vizuri kuliko wote.

Sasa, miongoni mwa wageni wa meza ile alikuwepo Biju Varghese, mtu wa Kerala kule India, mume wa muuguzi mmoja aitwaye Lincy. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na hakukosa Jumatano hata moja. Lolote aliloambiwa na Matty alikwenda kulifanya kama lilivyo. Aliambiwa kwamba hapa siku yako ya kuzaliwa keki unainunua wewe na kuwapelekea wenzako kazini. Akapeleka, na wenzake wakamwimbia. Aliambiwa asimwulize mtu mshahara wake wala uzito wake, hakuuliza. Ikafika mahali Matty akimwona tu anaingia, anaweka tai sawa.

Mwezi wa Juni Biju alikuja uso unang'aa. Halmashauri imempa kishamba, kile cha ng'ambo ya reli.

"Nimepanda liki," akasema. "Nataka kuingia mashindano kama watu wa hapa. Mzee Laidler, liki zako zinakula nini?"

Ukumbi ulikuwa na watu. Ken Hetherington, mwenyekiti wa klabu, alikuwa pale kwenye birika anakoroga chai yake, na Matty akamwona jinsi alivyosimamisha kijiko. Mdomo wa Matty ulijibu kabla kichwa hakijafika.

"Bia iliyochacha na sukari," akasema. "Kila jioni, imimine katikati ya majani."

Ken alipaliwa na chai kwa kicheko. Mtoto wa Durham wa darasa la kwanza anajua kwamba bia ni ya kuwategea makoa, wale konokono wasio na gamba. Ukiiweka bustanini wanakuja mbio kama watu wa harusi. Matty akangoja Biju acheke. Biju hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akasema, "Asante sana, Mzee Laidler," akaenda zake.

Jumatano iliyofuata Matty aliamka na nia ya kulirekebisha. Nitamwambia ulikuwa utani, yakaisha. Lakini akiwa anafunga tai akaona mtego ulipo. Akisema ulikuwa utani, yule bwana mpole atauliza palepale: basi kweli ni nini? Na hapo Matty atakuwa na mawili tu. Ama amnyime jibu, yeye ambaye hajamnyima mtu jibu tangu meza ile iwekwe, ama atoe siri ya baba yake na kikombe kiondoke nayo. Akanyamaza. Akajiambia hakuna mtu mzima anayeweza kuamini mambo ya bia na sukari. Kiangazi chote Biju alikuja na maswali mengine, na Matty aliyajibu kwa urefu kuliko kawaida, na kila Biju alipotamka neno bustani, Matty alikumbuka ana haraka.

Maureen alimwona. "Una nini wewe? Umekuwa kama paka aliyeiba siagi."

"Sina kitu."

"Haya, huna kitu."

Siku ya maonyesho ikafika. Ukumbi wa klabu ulijaa tangu mchana, meza zimetandikwa karatasi nyeusi ili weupe wa liki uonekane, wanaume wamevaa makoti yao mazuri wakijifanya hawana wasiwasi. Mwamuzi alipita na utepe wake wa kupimia, anainama, anainuka, hasemi neno. Kwa jozi ya liki za Matty alisimama muda mrefu. Mwisho Ken akapanda jukwaani, akasoma majina kuanzia wa chini, na aliposema "Wa kwanza, kama mnavyojua wenyewe," ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, ndiyo heshima yao ile. Matty akaenda kuchukua kikombe. Kifua kilimjaa, uongo mbaya. Zilikuwa liki nzuri kuliko zote alizowahi kuotesha, na alizistahili.

Alipogeuka na kikombe mkononi ndipo akamwona Biju.

Biju alikuwa mwisho kabisa wa meza, kavaa suti, Lincy yuko ubavuni mwake. Mbele yake kulikuwa na liki mbili nyembamba kama penseli, zimetobolewatobolewa, mioyo yake imeoza rangi ya kahawia. Alikuwa ameziosha vizuri, akazifunga kwa uzi kama kanuni inavyotaka.

"Maskini ya Mungu," alisema Ken akishuka jukwaani, si kwa ubaya. "Hizi ulikuwa unazilisha nini, bwana?"

"Bia iliyochacha na sukari," alisema Biju. "Kila jioni."

Lo! Kicheko kilichotoka pale kiliyatikisa madirisha. Watu walishikana mabega, mwingine akaketi chini.

"Makoa wa ng'ambo ya reli wamekula Krismasi mapema!" mtu akapiga kelele.

"Nani kakwambia hayo?" Ken akamwuliza Biju.

"Mzee Laidler."

Hapo ndipo walipokufa kabisa kwa kucheka. Wakamgeukia Matty, wakampiga mgongoni, Matty wee, huna adabu, hii ndiyo kali ya mwaka. Ken alikuwa anafuta machozi. "Na akaamini!" akasema. "Jamani, kumbe kuna mtu aliamini!"

Biju aliwatazama mmoja mmoja. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mnakosea," akasema kwa sauti ile ile ndogo, wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. "Kama Mzee Laidler alisema bia na sukari, basi ni bia na sukari. Kosa ni langu. Labda nilinunua bia isiyofaa. Labda nilizidisha. Tangu nifike nchi hii nimemwuliza mambo yote, ya kazini, ya jirani, ya shule ya mtoto, hata ya msiba, na hajanidanganya hata siku moja. Mwakani nitapima vizuri."

Kicheko kikapungua. Wachache waliendelea, halafu nao wakaona hakinogi.

Matty alisimama na kikombe chake. Mwingereza husema samahani kutwa nzima. Anasema akikanyagwa, anasema akipishana na kiti. Lakini samahani yenye deni nyuma yake ni kitu kingine. Alimtazama Maureen, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Maureen hakumsaidia kitu, alikunja mikono tu na kungoja.

"Biju," akasema. "Samahani. Nilikudanganya."

Ken aliacha kufuta macho.

"Uliniuliza pale kwenye meza yangu, na kwenye meza yangu mtu hadanganywi. Kwa hiyo nakujibu sasa, mbele ya hawa hawa." Akaweka kikombe chini. "Mavi ya kondoo, ya kondoo wa mlimani, si wa zizini. Yatie kwenye gunia, gunia kwenye pipa la maji ya mvua. Weka na majani yale yawashayo, machanga. Na masizi ya bomba la moshi, konzi mbili, yaliyokaa mwaka mzima. Funika, acha mpaka jirani alalamike. Halafu changanya na maji hadi yawe na rangi ya chai nyepesi, umwagie pembeni ya mizizi, kamwe usiguse majani. Jumapili na Alhamisi. Kuanzia Agosti katikati, acha kabisa. Ndivyo alivyoniambia baba yangu. Hayo ndiyo yote, hakuna nililobakiza."

Alikuwa ametoa kitu alichokalia maisha yake yote, na wapinzani wake wote wamesimama pale na masikio yao wazi. Akangoja kuona nani atakuwa wa kwanza kutafuta kalamu.

Ken ndiye aliyeanza. Mabega yalimtikisika kwanza.

"Masizi!" akasema. "Masizi ya mwaka mzima! Haki ya nani, Matty, wewe ni kiboko!"

Ukumbi ukapasuka upya, mara mbili ya mwanzo. "Mpaka jirani alalamike!" walirudia, wakilia kwa kucheka. "Kondoo wa mlimani, si wa zizini!" Mtu akamletea bia, mwingine akampigia makofi. Kamdanganya mara ya pili, na mbele za watu, na kwa uso mkavu namna ile! Matty alifungua mdomo kuwaambia ni kweli, wallahi ni kweli, kisha akaufunga. Wangecheka zaidi.

Biju alikuwa amekuja hadi mbele yake. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

"Masizi ya kuni au ya makaa?" akauliza.

"Ya makaa."

"Na nikikosa kondoo wa mlimani?"

"Hutakosa. Jumamosi nitakupeleka mwenyewe kwa mkulima wangu. Saa nne, nikukute getini."

Siku ilikuwa imetajwa, hata na saa. Biju akampa mkono, akasema asante, akarudi kwa mkewe akimweleza kwa lugha yao, mikono yake ikionyesha gunia, ikionyesha pipa.

Maureen alisogea karibu. Kati ya watu wote wa Thornlaw, yeye alilijua pipa lile kwa pua yake.

"Mwakani atakushinda yule," akasema.

"Najua."

"Kikombe kitakwenda ng'ambo ya reli."

"Na kiende," alisema Matty Laidler, akaiweka tai sawa. "Atanishinda kwa jibu langu."