Sufuria Isiyo na Chumvi

Bakuli la chumvi lilikuwa katikati yao, juu ya kigoda, na wote wawili walijifanya hawalioni.

Upande huu wa sufuria alisimama mshonaji, mwiko mkononi. Upande wa pili wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kila mwaka miti inapochipua, mtaa mzima hula pamoja katika ukumbi wa shule, na wapishi ni wa kujitolea. Mshonaji alijitolea akidhani atapewa vitunguu amenye. Kumbe! Mama Kengele, msimamizi wa jiko, mwanamke ambaye hata akinong'ona husikika barabarani, alimkabidhi maharage, tena pamoja na mtu ambaye hawajasemezana tangu matanga.

Ulimi hauna mfupa. Siku ile ya msiba, mbele ya waombolezaji, wifi alisema, "Chumvi ya mkono wako ndiyo iliyomuua kaka yangu." Daktari alishaeleza kwamba shinikizo la damu lilikuwa la ukoo, lakini nani humsikiliza daktari huku analia?  Tangu hapo mshonaji hakutia chumvi katika chungu chochote. Wanawe walijitilia wenyewe mezani. Maneno yale yalimuuma, na kuna siku aliyaamini.

"Jamani, maharage vipi? Watu wameshakaa!" Mama Kengele alipaza sauti mlangoni.

"Tayari," mshonaji alijibu. Alikuwa amemwona wifi akiliinua lile bakuli ili afute kigoda, akajiaminisha kwamba wifi alikuwa ametia.

Sahani ya kwanza ilimfikia mzee fundi baiskeli. Alitafuna, akasita, akaweka kijiko chini.

"Mama Kengele," akaita, "hapa ukumbini au wodini? Mbona mmenipikia kama mgonjwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Kengele alirudi jikoni mbio, akaonja, akashika kiuno. "Ala! Haya hayajaiona chumvi hata kwa mbali. Nani alikuwa atie?"

 Wifi akasukuma kuni, mshonaji akakoroga.

"Basi tieni upesi. Nitawazuia huko na porojo, lakini njaa haina masikio." Akatoka.

Mshonaji akakaza kanga kiunoni, akachota chumvi kwa kiganja. Mkono ukagoma pale pale, juu ya mvuke.

"Wifi," akasema. "Tia wewe. Mkono wangu si unaujua."

Wifi akaacha kuni. "Siwezi. Kila nikishika chumvi nayasikia maneno yangu." Akajifuta mikono. "Kaka alikuwa anajiongezea mwenyewe. Tangu utotoni alificha kopo lake, mama akampiga mpaka akachoka. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile nilipokutamkia."

Mshonaji alitamani kumrushia chumvi ile usoni. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Miaka yote hiyo amekula chakula kisicho na ladha, akijihesabu muuaji, na huyu alijua! Alikibana kiganja hata chembe zikamchoma palipochomwa na sindano.

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilifika mlangoni kwako. Nikasikia cherehani inalia, nikaona aibu, nikarudi."

"Chumvi, jamani!" Mama Kengele alipiga kelele. "Porojo zimeniishia!"

Mshonaji akakifumbua kiganja. Chumvi ikadondoka, ikazama. Akakoroga mpaka chini kabisa, akateka mchuzi kidogo, akanyoosha mwiko mbele ya wifi. 

"Onja."

Wifi akaupuliza, akaonja. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

"Bado, wifi," akasema. "Ongeza."

Mshonaji akalivuta bakuli upande wake.