Kichwa ni cha Upondo

Kwetu kambini kwa wavuvi kichwa cha samaki hakikuwa cha mkubwa wala cha mgeni. Kilikuwa cha upondo, yaani cha yule aliyesimama nyuma ya mtumbwi siku hiyo akiusukuma kwa ule mti mrefu. Baba yetu, marehemu mzee Raimundi, hakuwa na sheria nyingi, ila hiyo aliishika kama amri ya kumi na moja. Mimi Restituta nimekula vichwa vingi, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu.

Baba alinifundisha upondo nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu kaka yangu Beno alikuwa shule ya bweni na tulizaliwa wawili tu. Tulikwenda kuvua upande wa Malinyi, mwendo wa siku nzima kutoka Ifakara. Wavuvi wenzake walinuna, wakasema binti akipanda mtumbwini samaki watakimbia. Baba aliwajibu kwamba samaki haulizi nani kashika upondo. Jioni akawaita waje waone chanja letu, kambale wamepangwa juu ya moshi hata pa kupitisha kidole hapakuwepo. Nikizikumbuka siku zile moyo unatulia: kibanda cha matete, viboko wakikoroma ng'ambo, wali wa mpunga mpya, na kichwa changu kwenye sahani ya bati.

Jumamosi iliyopita Beno alitimiza miaka sabini, na binti yake Careen akamfanyia sherehe nyumbani kwao Kibaoni. Nilitoka kwangu Viwanja Sitini kwa miguu na mjukuu wangu Stefania. Njiani mtoto akaniambia, "Bibi, leo babu Beno atasimulia tena alivyomwokoa baba yenu kwenye mafuriko. Kumbe na wewe ulikuwepo. Mama mdogo Careen anasema ulikuwa unawapikia."

Nilisimama katikati ya barabara. Bodaboda ikanipigia honi, nikaiacha ipige.

Kosa ni langu pia. Zamani Beno akisimulia alisema "tulisukuma," nami nikaridhika. Miaka ikapita, "tulisukuma" ikawa "nilisukuma." Nikanyamaza, maana watu wakiwa wanamfurahia kaka yako si vizuri kumkata maneno. Lakini sasa mtoto wa binti yangu anajua kwamba bibi yake alikuwa mpishi, na nikifa ndivyo nitakavyobaki. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Ukweli ni huu. Masika moja, Beno akiwa likizo ya Pasaka, baba alishikwa na homa kambini mpaka akawa hatutambui. Maji yalikuwa yamefunika mbuga, wenzetu wote wameshaondoka. Tukamlaza katikati ya mtumbwi. Beno, miaka kumi na saba, alikaa mbele akichota maji kwa kopo na kuangalia viboko. Nyuma nilikuwa mimi, miaka kumi na mitano, nikifuata kingo za matete ambako upondo unagusa chini, maana katikati mkondo ungetupeleka ulikotaka wenyewe. Tuliondoka alfajiri, tukafika kivukoni jua likizama. Viganja vilikuwa vimechubuka vibaya, lakini nilijiona mkubwa kuliko mto. Baba alipoanza kula, pale hospitali ya misheni, mama alimpelekea kambale. Baba akakitoa kichwa, akanipa mimi, mbele ya Beno na mbele ya masista.

Basi tukafika Kibaoni, watu wamejaa uani. Beno akasimama na suti yake mpya, akasimulia. Anajua kusimulia, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. "Nikausukuma peke yangu kutwa nzima," akamalizia, makofi yakapigwa. Hapo Careen akamletea sahani yenye kichwa cha kambale kwenye mchuzi, kwa sababu Beno mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawe kwamba kichwa ni cha upondo.

Nikanyanyuka kabla hajashika kijiko.

"Kaka, hongera kwa miaka sabini," nikasema. "Nina swali moja dogo. Baba alipoanza kula pale hospitali, kichwa alimpa nani?"

Mashahidi wote walishakufa, baba, mama, masista wale. Beno angeweza kunitania kidogo, watu wakacheka, nami nikarudi kukaa na upishi wangu. Aliitazama ile sahani. Stefania alinishika gauni, nadhani alitaka nikae.

Kisha Beno akaibeba sahani na kuanza kuja, na goti lake lile bovu, akipita meza moja baada ya nyingine. Careen alitaka kumpokea, akamkatalia.

"Alimpa Resti," akasema alipofika, akiwageukia watu. "Aliyekuwa nyuma ni huyu. Mimi nilikuwa mbele nachota maji, nachota huku nalia, nikijua baba anakufa. Huyu akanikaripia. Akaniambia ninyamaze, nauongezea mtumbwi maji."

Hilo la kumkaripia nilikuwa nimelisahau kabisa. Watu walicheka, na Beno akacheka nao, huku machozi yanamtoka kama siku ile.

"Kula, mwenye upondo," akaniambia. "Nimekula vyako vya kutosha."

Nikakaa, nikavuta sahani. Stefania alikuwa ananiangalia kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

"Kitamu, bibi?" akaniuliza.

Careen alikuwa amezidisha chumvi. Nilikila chote, mpaka macho.