Wimbo wa Kufutwa

…na huu nao si mbaya wa kutosha, una ngoma ya maana, acha uishi, aliwaza Ma Getruda, na kidole chake kikabaki palepale juu ya kitufe chekundu cha redio kaseti, hakibonyezi wala hakiondoki, kama kuku aliyeatamia jiwe, maana Kezia, mke wa mwanawe, alimwelekeza mara tatu kabla ya kushuka mtoni kuchota maji, chekundu pamoja na hiki cha pembeni, mae, kwa mpigo mmoja, ukibonyeza kimoja haishiki sauti, kana kwamba mtu aliyezaa saba anafundishwa kubonyeza… nyuma ya pazia la chumbani Datius, mwanawe, akakohoa, kikohozi kile chenye ngazi, kikapanda, kikashuka, kikatulia, akauliza kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi, "Mae, umeupata?" bado, tulia huko, kaseti yako imejaa takataka, mtu anajua aanze na ipi… na kweli imejaa, alilisema hilo tangu siku ya kwanza, mwaka ule baada ya vita, watu wamerudi kutoka kukimbia mabomu wamekuta magugu yamefika kizingitini, naye Datius anatokea Bukoba mjini na redio begani na kaseti moja, aliyojaziwa na Mustapha wa karibu na msikiti, kutoka kwenye santuri walizorudi nazo askari toka Kampala, nyimbo za Wamarekani weusi, za zamani, bora tupu, Mustapha kaapa, na Mustapha akiapa ujue kuna jambo, mbili za mwanzo tamu mpaka mguu unausaliti uzee, ya tatu mtu anapiga chafya juu ya gitaa, ya nne sauti imezama kama iliimbwa chini ya ziwa, ya tano ni ileile ya kwanza imevalishwa koti, gunia la kahawa la mlanguzi hilo, juu kavu nzuri, katikati maganda na kokoto, chini kabisa nzuri kidogo ili ukimwaga usipige kelele… "Inaitwa soul, mae," akamwambia, yeye akasikia Sauli, akasema ndiyo maana, hata mfalme Sauli hakutulia mpaka apigiwe kinubi, na akipigiwa anarusha mkuki, Datius akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, wakati huo alikuwa na mapaja, alikuwa na shingo… wimbo ukaisha, kaseti ikavuma upepo mtupu, betri hizi zimeanikwa juani tangu asubuhi na bado zinajikokota kama ng'ombe wa mahari, wa sita ukaanza, huu sasa, huu ndio, mwanamke analia kama amebanwa na mlango, bonyeza, Getruda… lakini ni mfupi huu, utaisha Datius hajavuka hata mpaka wa juu wa shamba, anasema neno moja anapumzika mawili, kibanja changu, toka mti wa mulamula wa mpakani hadi kaburi la baba, na mikahawa yote, ni vya Kezia na wanangu, asiguse mtu, hayo ni maneno ya kupumua mara kumi, na yashikwe leo, maana Jumapili Rwegasira, ndugu wa marehemu mumewe, anakuja na wazee wa ukoo, amekwisha kutangaza penye pombe ya rubisi kwamba ugonjwa huu wa kukondesha walioupa jina Juliana huanza na akili, asemacho mgonjwa si usia, ni homa, na yule mwanamke wa visiwani, Kezia huyo, arudi Muleba kwa wavuvi wenzake… Rwegasira huyo, siku ya mabomu alibeba mbuzi akamwacha mama yake, leo ndiye mpima akili… "Tuuweke usia kwenye kaseti," alisema Datius, "Jumapili hata kama mimi sipo, sauti yangu atabishana nayo vipi?" na kaseti nyingine nyumba hii haina, ile ya kwaya ilimezwa na mashine, imebaki hii, na Mustapha aliivunja meno mawili ya mgongoni ili asitokee wa kuifuta, Kezia akaziba matundu kwa karatasi aliyoitafuna, sasa inafutika, Datius akasema, "Futa mmoja tu, mae, niseme mahali pake, nyingine niachie, chagua ulio mbaya, si wewe hakimu wao miaka yote?" hakimu, ndiyo… na yule mwanamke wa mlangoni ameshamaliza kulia, umepita, wa saba umepita, santuri yake ina mkwaruzo, mtu anarudia neno lilelile kama Rwegasira akilewa, hata huo ameuachia, na ule wa tano aliosema una ngoma, ngoma gani, debe lile, wewe mzee, unachagua au unakwepa… mume wake alitoa usia asubuhi, ndizi za mchana hazijaiva akawa amekwenda, Jovitha, mwanawe wa kwanza, alisema mtoto wangu mpeni fulani, hakumaliza wiki, mtu akishataja mipaka yake hana tena cha kushikilia, basi ndiyo hivyo, leo hakuna wimbo mbaya nyumba hii, kwa sababu mbaya ukipatikana Datius atasema, na akisema amemaliza… na asiposema je, atabaki, mpumbavu wewe, atakwenda vilevile, mdomo umefungwa, na Kezia atatoka na godoro kichwani, watoto nyuma, Rwegasira anahesabu mikungu… upepo tena kwenye kaseti, baada ya huu ni ule wa mwisho, mrefu, mzuri kuliko wote, mwanamume anaanza polepole, halafu analia mae, mae, mae, mtu mzima anamlilia mama yake kwa Kihaya, yeye Getruda aliwaringia wenzake nao kanisani miaka yote, hata Marekani wapo Wahaya, mpaka mwezi uliopita Kezia, aliyesoma soma, akaropoka, si mama hiyo, ni Kiingereza, anasema my, yaani yangu, yangu, yangu, Getruda akamnunia siku mbili, mtu anyang'anywe hata mtoto wa kwenye redio… yangu, yangu… na Datius anataka kusema nini basi, kibanja changu, wanangu, mke wangu, ni neno hilohilo, na kama ni mama, mama yupo hapa kigodani, kwa nini mwanangu alaze maneno yake kwenye kokoto za Mustapha, kwenye chafya na mlango, Rwegasira ayasikie yametoka kati ya takataka, wimbo mrefu unatosha pumzi kumi na vikohozi vyake, na huyo Mmarekani ameshalia vya kutosha, apishe… "Mae, umeupata?" kaseti ilivuma, maji ya Kezia hayajafika, jua halijatoka mlangoni, kidole kilikuwa palepale kwenye chekundu, ila sasa cha pili kilikuwa kimekuja kukaa jirani yake, na Ma Getruda akajibu, nimeupata, tata, akimwita baba kama alivyomwita akiwa mgongoni, meza mate kwanza, ngoja huyo Mmarekani aanze…