Saburi Hapigi Tena

Nasema wazi: namwonea Nurdini wivu tangu alipofungua kompyuta yake ofisini kwetu Nachingwea.

Mitambo ya mizani ya ushirika ilikuwa mikononi mwangu. Kila ghala lina programu yake, imefungwa kwenye kontena lake, yaani kisanduku cha programu, ndani ya seva zetu. Kontena likianguka, korosho hazipimwi, na karani ananipigia mimi. Saburi, karani wa Mbekenyera, hapigi bila salamu ndefu. "Dada Domitila, umeamkaje? Watoto je? Mama? Haya, mtambo umelala huku, wakulima wananitolea macho." Naandika amri zangu, unaamka. Mpaka sokoni Ruangwa wakaniita Dada Mtambo.

Kaja Nurdini, fundi mpya wa programu, na upole wake. Akachukua maktaba ya Python, yaani msimbo ambao wengine wameshauandika, akaunda programu ya kukagua makontena yote na kuyainua yakianguka. Skrini kijani tupu, yaani yote mazima. Mwenyekiti akampigia makofi. Simu yangu ikanyamaza, na roho ikaniuma.

Siku ya mnada, mizani ya Mbekenyera ikakwama. Skrini ya Nurdini bado kijani. Nililiona kosa papo hapo: programu yake inauliza kama kontena liko hai, haiulizi limeanguka mara ngapi. Memori ilikuwa haitoshi, kontena linakufa na kufufuka. Nikanyamaza. Nilitaka aumbuke.

Simu ikalia, yake. Akaiweka spika. Alikuwa Saburi.

"Kaka Nurdini, umeamkaje? Watoto je?"

Watoto! Nurdini hata mchumba hana. Salamu zangu zile, anapewa yeye!

"Dada," Nurdini akanigeukia, "mimi nimeshindwa."

"Lete hiyo kompyuta."

Nikaongeza memori. Kisha, kwa hasira, nikaendelea: nikaiagiza programu yake ihesabu maanguko, iongeze memori mapema, na ikishindwa kabisa iwatumie makarani namba ya kupiga. Kwenye programu ilikuwepo ya Nurdini. Nikaifuta, nikaweka yangu.

Msimu unaelekea mwisho. Hakuna kontena lililoshindwa, nimeitengeneza vizuri mno. Jana nikampigia Saburi mimi mwenyewe.

"Kuna tatizo, dada?"

"Hakuna. Nauliza tu watoto wameamkaje."

"Wazima. Samahani dada, foleni ndefu, na mtambo siku hizi unakimbia kwelikweli."

Akakata, hata mama yangu hakumuulizia.