Alama Nyuma ya Bawaba

Nilipigania mlango ule miezi miwili, na watu wa Tabora wakanipenda kwa hilo. Niliongea redioni, nikaongea kwa kinyozi, nikaongea barazani mpaka Selemani, muuza kofia aliyekuwa upande wangu tangu mwanzo, akaniomba nipunguze sauti kwa ajili ya presha yangu. Wote walidhani Mzee Nurdini anatetea urithi wa mji. Nilikuwa natetea aibu yangu. Siku mlango ule ungeshushwa ingejulikana kwamba sikuuchonga mimi.

Mlango wenyewe ulikuwa wa Kituo cha Msafara, njia ya kuelekea Isevya. Marehemu Majidi alikijenga mwaka 2012: maduka ishirini na mbili, vibanda vya juisi, meza za mchezo wa pool, bembea za watoto, na jukwaa la taarabu kwa siku za Idi. Alitaka mtu akiingia ajione yuko enzi za misafara. Basi maduka yote yakajengwa kwa sura ya tembe, paa bapa na nguzo za magogo, na ukutani wakapangwa wapagazi wa saruji wamebeba pembe kichwani. Tusidanganyane, tembe zenyewe zilikuwa za matofali ya saruji yaliyopakwa rangi ya udongo, na mpagazi wa nne kutoka kushoto alikuwa amevaa viatu vya kamba. Nilicheka nilipowaona. Lakini baada ya mwaka mmoja nilimzoea hata yule mwenye viatu, na watu wa mtaani kwetu Cheyo walikuwa wanaelekezana kwake: tukutane kwa mwenye viatu.

Kitu kimoja tu pale hakikuwa cha kuigiza, nacho ni mlango wa lango kuu. Mbao mbili za mninga, kila moja pana kuliko kitanda, zimejaa maua na minyororo na majani ya mtende kutoka juu hadi chini. Majidi alinipa kazi ile mbele ya watu na mimi nikaitikia mbele ya watu. Sikumwambia kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nikishika patasi robo saa, vidole vilikuwa vinaniacha, patasi inaanguka, nami natukana mbao.

Aliyeuchonga ni Najiat, binti yangu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilimfundisha tangu mdogo kwa sababu sikujaliwa mtoto wa kiume na kwa sababu alikuwa hasikii akiambiwa atoke karakana. Alichonga miezi tisa uani kwetu Cheyo, nyuma ya turubai, na mimi nikakaa barazani mbele ya nyumba nikiwaambia wageni kwamba nafanya kazi alfajiri, kwenye utulivu. Kila nilipoingia uani nilikuta ua jipya. Mengine sikuwahi kuyaweza mimi hata mkono ulipokuwa mzima. Nilifurahi na iliniuma, na sijui kipi kilizidi.

Siku ya kufungua kituo niliitwa jukwaani. Nikavishwa joho, nikapigiwa makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Najiat alisimama nyuma na akina mama, amenishikia kofia yangu ya zamani. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Ilitosha niseme sentensi moja. Nikasema, "Nashukuru sana," nikashuka.

Hakunilaumu. Alinipa kofia yangu, akanifuta vumbi begani. Lakini hakushika patasi tena. Mwezi uliofuata alikwenda Mwanza kwa shangazi yake, na aliporudi alikuwa fundi wa aluminiamu: madirisha, milango ya vioo, vizuizi vya ofisi. Alifungua karakana Isevya na sasa ana wafanyakazi wanne. Kila Ijumaa huniletea chakula. Tunaongea vizuri, tunacheka. Mlango ule hatukuwahi kuutaja, na mimi niliingia kituoni kwa mlango mdogo wa nyuma, upande wa vyoo, miaka kumi na miwili.

Sasa, kuhusu alama. Katika ukoo wetu mchongaji haandiki jina usoni mwa mlango, kwa sababu uso ni wa mwenye nyumba. Huweka alama yake ndogo ubavuni, mahali bawaba inapokaa, na ikishapachikwa hakuna jicho litakaloiona mpaka mlango ushuke. Tena huweka yake mwenyewe. Kuweka ya mwingine, baba yangu alikuwa akisema, ni sawa na kuswali kwa udhu wa mwenzako. Yangu ni mwezi mwandamo. Ya Najiat, aliyoichagua akiwa na miaka kumi, ni punje ya mpunga.

Mlango ulipokwisha, siku moja kabla ya kupachikwa, aliniuliza, "Baba, niweke alama ipi?"

Nami, mchongaji mwana wa mchongaji, nikamfokea. "Mtu huweka yake! Hilo nalo la kuuliza?"

Akaweka yake. Bawaba zikafungwa juu yake, na kesho yake nikapanda jukwaani kupigiwa makofi. Nilikuja kugundua nilichofanya usiku ule, nimelala, joho likiwa kwenye kiti. Nilikuwa nimeiba kazi ya mtoto wangu na papo hapo nikamwamuru aandike ushahidi. Mwizi mwenye akili asingefanya hivyo, lakini ningefanyaje, ndivyo nilivyolelewa.

Majidi alifariki, Mungu amrehemu, na kituo kikawa mikononi mwa bintiye, Mwanamkuu. Mwaka jana akatangaza kwamba Kituo cha Msafara kinabadilishwa sura na kitaitwa Siti Moli. Tembe zote zitafunikwa kwa mabati ya kijivu yanayong'aa. Vioo mbele. Wapagazi watabomolewa. Mchoro wake ulibandikwa langoni, na ungeweza kuwa Dodoma, ungeweza kuwa Kigali au mji wowote wenye umeme. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kumwambia mtu ameshuka wapi. Hapo hasira yangu ilikuwa ya kweli, nisijidharau kupita kiasi. Lakini chini ya hasira kulikuwa na punje ya mpunga.

Na kazi ya vioo na mabati akapewa nani? Akapewa Najiat. Aliniambia Ijumaa, ananipakulia wali.

"Baba, nimepata ile kazi ya kituo."

"Na mlango?"

"Mlango utashuka. Kutakuwa na kioo kinachofunguka chenyewe." Akaniongezea mchuzi. "Nikiikataa mimi atakuja mtu wa mbali, auvunje kwa nyundo. Mimi nitaufungua skrubu moja moja."

Ndipo nilipokwenda redioni.

Nilijipalia makaa mwenyewe. Nilikuwa nimeongea mno kuhusu mlango, hata Mwanamkuu akaguswa. Alikuja nyumbani, amevaa baibui jeusi na raba nyeupe, akanisalimia shikamoo, akakaa kwenye mkeka bila kuomba kiti. Sikuwa nimejiandaa kumpenda.

"Mzee wangu, hatuna budi kuweka vioo," alisema. "Wapangaji wananihama. Vijana wanasema pale ni giza, wanasema ni makumbusho. Juzi msichana amekataa kufungua duka la vipodozi kwa sababu ya wale wapagazi, anasema wanamtazama. Lakini nimekusikia redioni nikalia, Wallahi. Mlango hauendi kwenye kuni wala hauuzwi. Utarudi kwa aliyeuchonga. Ijumaa, baada ya swala, mbele ya watu wote, nakukabidhi mwenyewe."

"Si lazima mbele ya watu," nilisema.

"Baba yangu alikukabidhi kazi mbele ya watu," akajibu.

Ijumaa ilifika. Nilivaa kanzu safi, na joho lile nililiacha sandukuni. Watu walijaa pale kuliko siku za Idi. Baadhi ya tembe zilikuwa tayari zimevikwa kijivu, nusu uwanja Unyanyembe ya zamani na nusu nyingine kama boksi la simu. Mpagazi mwenye viatu alikuwa bado amesimama na watu walikuwa wanapiga naye picha. Najiat alikuwa juu ya ngazi, suruali ya kazi, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, drili mkononi. Aliniona, akanipungia.

Nilisimama mbele na Selemani pembeni yangu. Skrubu zilitoka moja moja kama alivyosema. Bawaba ya juu, ya kati, ya chini. Wafanyakazi wake wanne wakaudaka ubao wa kwanza, wa kushoto, wakaulaza polepole kwa ubavu juu ya matairi mawili, upande wa bawaba ukiwa juu.

Alama ilikuwa pale. Mbao imezeeka kote na kuwa nyeusi, lakini chini ya bawaba ilibaki nyekundu mbichi kama siku ya kwanza, na katikati ya wekundu ule punje ya mpunga, safi, na ncha yake ndogo kali kama ukucha. Niliiona kutoka hatua sita.

Nikasubiri. Na hakuna aliyeona. Watu walikuwa wanapiga picha maua. Selemani, anayejua kila kitu cha mji huu, aliinama akautazama ubavu ule ule, akasema, "Bawaba za zamani zilikuwa nzito jamani," akainuka. Mwanamkuu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Fundi mwingine wa kuchonga hakuwepo mji ule, wote wamekufa au wanauza vitanda. Hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuisoma alama ile isipokuwa wawili. Miaka kumi na miwili nimejificha kwenye mlango wa vyoo, nikiogopa macho ambayo hayapo.

Nikamtazama yule wa pili. Najiat alikuwa ameshuka ngazi. Aliitazama alama, kisha akanitazama mimi, kisha akaweka kiganja chake juu yake, akaegemea, kama fundi anayeshikilia ubao usiyumbe. Akaifunika kabisa.

"Mlango huu," Mwanamkuu alikuwa anasema, "unarudi leo kwa aliyeuchonga." Akaninyooshea kipaza sauti.

Ningeweza kusema nashukuru sana. Njia ilikuwa wazi, ameniwekea yeye mwenyewe kwa kiganja chake. Na ndicho kilichonishinda. Ningestahimili anichukie, lakini si anifiche tena.

"Najiat," nilisema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yangu mpaka barabarani. "Toa mkono, mwanangu."

Hakutoa. "Baba, jua kali. Malizia."

"Toa mkono waone."

Akatoa. Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikasahau kusema ganzi ya mkono, nikaisema mwishoni. Nikawaonyesha alama. Nikasema aliyeuchonga mlango huu ni huyu aliyeushusha, na mimi nilichukua makofi yake na joho lake, na miaka yote hii nimekula sifa za mtoto wangu nikiwa na akili timamu.

Selemani, ambaye hajui kunyamaza hata msibani, akasema, "Lakini Nurdini, redioni uliapa ulichukua miezi tisa!"

"Miezi tisa ni kweli," nikamjibu. "Mikono ndiyo haikuwa yangu."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, si kicheko kibaya. Mwanamkuu alinichukua kipaza sauti taratibu, akamtazama Najiat kwa muda, kisha akavitazama vile vioo vilivyoegemezwa ukutani vikisubiri kupachikwa. Nadhani alikuwa anafikiri kwamba mchongaji kama yule alimpa kazi ya aluminiamu. Akasema tu, "Basi mlango ni wa Najiat." Makofi yakapigwa, na safari hii nilikuwa miongoni mwa wapigaji. Najiat hakusema nashukuru. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akawaambia wafanyakazi, "Wa pili," akapanda ngazi.

Tulipokuwa tunapakia kwenye lori aliniambia, "Shika chini, baba, usipinde mgongo." Tukainua. Kisha, bila kunitazama: "Kumbe ulikuwa unakumbuka ilipo."

"Nilikuwa nalala nayo."

"Na mimi," alisema.

Siti Moli imefunguliwa. Ni ya kijivu, ina ubaridi mzuri ndani, na wajukuu wa Selemani hawatoki pale. Kioo kinafunguka chenyewe, hata kwa mbuzi. Mlango umepachikwa karakana ya Najiat huko Isevya, na kwa kuwa ni mkubwa kuliko ukuta alibomoa kidogo pembeni akaziba kwa aluminiamu. Ubao wa kushoto aliufunga kwa bawaba mpya nyembamba ambazo hazifiki kwenye alama. Mimi hukaa hapo mlangoni asubuhi, nawapokea wateja. Sijamwomba arudi kwenye patasi, na yeye hajasema. Kuna kipande cha mninga juu ya benchi lake ambacho jana hakikuwepo, lakini huenda ni kabari tu.

Leo alikuja mama mmoja kutoka Kigwa, anataka madirisha ya nyumba yake. Akasimama, akapitisha kidole kwenye maua. "Huu umechongwa na nani?"

"Na binti yangu, Najiat. Huyo hapo ndani," nilisema.

Ndani mashine ya kukatia ilikuwa inalia. Ikazimwa. Hakutoka, kama mtu anayesubiri kusikia.

Nikakohoa, nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.