Shavu la Hinde

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika hospitali ya Sokoto wanakoshonewa watoto nyuso zilizoliwa na maradhi, Nesi Asabe alifungua faili akauliza mama wa mtoto ni nani. Hinde akatazama ukuta. Aliyejibu ni mama mkwe wake, Inna Kulu.

"Andika mimi, bibi yake. Mama yake huyo hapo, lakini ni kifungua mimba wake. Kwa mila yetu, anamwonea haya."

Asabe akaandika. Yeye mwenyewe ana kifungua mimba, na hajawahi kulitamka jina lake.

Mtoto aliitwa Delu, wa miaka saba. Miaka mitatu nyuma, alipotoka kuugua surua, fizi ilimvimba. Inna Kulu, aliyekuwa akimlea, alidhani ni jino tu, akapaka chumvi. Hinde aliona, akasikia na harufu, akajua si jino. Lakini mwanamke mwenye adabu hahangaikii kifungua mimba wake mbele ya wakwe, basi akaendelea kutwanga uwele. Dawa ya siku ile ingetosha. Siku ya tatu shavu likawa jeusi. Siku ya sita lilidondokea kwenye bakuli la uji, meno yakabaki nje, taya likakaza. Watoto wa jirani walimpiga mawe. Moja lilipita kwenye tundu likamvunja jino. Hinde aliliona na hilo, huku akichambua bamia. Kijiji kizima kilimsifu kwa haya zake.

"Ngozi ya kuziba hapa nitaikata wapi?" daktari alifoka ndani ya chumba cha upasuaji. "Mtoto mwenyewe mifupa mitupu!"

Hinde alikuwa kwenye benchi, nje ya mlango, akasikia. Alitia kidole gumba mdomoni, akashika shavu lake, akavuta. Lilichanika kutoka pembe ya mdomo hadi sikioni, kwa sauti ya kitambaa kipya. Likabanduka mkononi mwake, damu ikamwagika.

"Angalia viatu vyangu, wewe!" Inna Kulu alisema.

Asabe alilipokea kwenye trei, bado lina joto, na chale zake tatu za ukoo.

"La nani?" daktari akauliza.

"La mtu wa nje."

"Linatosha. Shika kichwa." Wakavunja taya lililokaza kwa patasi na nyundo, kisha wakashona.

Siku ya kumi na nne bandeji zilifunguliwa. Chale zilikaa sawasawa. Wanawake wa wodini walitazama shavu la Delu, wakatazama mtandio wa Hinde uliolowa upande mmoja, wakarudi kwenye uji wao.

Midomo ya Delu ilikutana kwa mara ya kwanza tangu surua. Aliijaribu kidogo.

"Mama," akasema.

Hinde alitamani kumbeba, kumkumbatia mpaka amuumize. Inna Kulu alikuwa anamtazama. Basi akageuka nyuma, kama anayetafuta ni nani anayeitwa.

"Unaitwa wewe," mwanamke wa kitanda cha pili alimwambia.

"Si mimi," Hinde alijibu kwa nusu ya mdomo aliyobaki nayo. "Anamwita bibi yake."