Kitanda Kirefu

Fundi seremala aliuliza mara mbili, maana hakuyaamini masikio yake. "Mama, kitanda cha urefu huu ni cha mwanamume?"

"Ni cha mwalimu mwenzangu," alijibu Kimya. "Ana miguu."

"Kila mtu ana miguu, mama."

"Ya kwake imezidi."

Fundi akacheka, akaanza kupima mbao. Kimya alirudi nyumbani mwepesi kama msichana. Alikuwa mwalimu mstaafu wa ushonaji, tena mjane. Jina hilo la Kimya alibandikwa na wenzake kwenye chuo cha ualimu cha wasichana, kwa sababu siku ya kwanza alishinda bwaloni bila kufungua mdomo ila kwa kula. Wote aliosoma nao sasa ni bibi za watu, lakini majina yamewaganda. Aliyelala kitanda cha juu yake aliitwa Twiga, na huhitaji kuambiwa kwa nini.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa mwisho chuoni, jioni moja umeme ulikatika, na Twiga akaning'iniza mkono wake mrefu kutoka juu mpaka ukamgusa Kimya kwenye paji la uso. "Shoga," alisema, "waume hutangulia, ndivyo dunia ilivyo. Wetu wakishatangulia, tunahamia nyumba moja. Wewe utashona, mimi nitaongea." Kimya akasema sawa. Wasichana huahidiana mengi gizani, na asubuhi huenda kupiga mswaki wakasahau. Yeye hakusahau. Alilelewa akiambiwa kwamba ahadi ni deni, na aliyemlea hakuwa mtu wa mzaha.

Wala si kwamba alijitungia peke yake. Alipofiwa na mume, Twiga alikuja, akamshika mkono, akamnong'oneza, "Wako ametangulia. Wangu naye siku yake ikifika, unajua tulivyokubaliana." Kimya akasubiri. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alifika mahali pa kuiacha televisheni iseme sebuleni, ili yeye akiwa jikoni apate pa kuitikia "ee." Mwanawe wa pekee alipiga simu kila Jumapili, akauliza afya, akaaga. Mwaka jana mume wa Twiga naye akafariki. Mungu amsamehe Kimya: alipokuwa akimkumbatia rafiki yake pale msibani, machozi yakimtoka, tena ya kweli, kichwani alikuwa anachagua rangi ya ukuta.

Alichagua rangi ya malai. Akaihamishia cherehani sebuleni, akashona mapazia, na kitanda kilipofika akakitandika shuka alizoziunga mwenyewe, maana madukani hakuna shuka za twiga. Hakumwambia mtu. Alitaka kumwambia mwenyewe ana kwa ana, siku ya kukutana kwa darasa lao, na alifanya mazoezi mbele ya kioo kama mtoto anayekwenda kughani shairi mbele ya wazazi: "Twiga, chumba chako kiko tayari."

Darasa lile hukutana kila baada ya miaka michache, katika bwalo lile lile la chuo, na lina desturi yake. Kiranja wao wa zamani, ambaye magoti yamemchoka lakini mamlaka bado, hupiga kengele. Kila mmoja husimama kwa mpangilio wa vitanda, wa juu kwanza, wa chini baadaye, kama matroni alivyokuwa akiwaita asubuhi. Anaeleza habari zake, wenzake wanaitikia "Tumepokea!", anakaa. Hairuhusiwi kuuliza swali. Kiranja aliiweka sheria hiyo tangu mmoja wao alipoulizwa mumewe yuko wapi, akalia mpaka chai ya wote ikapoa. Kwa hiyo habari hupokelewa kama zilivyoletwa, na huletwa nzuri ajabu. Wajukuu wa darasa lile hawajawahi kushindwa mtihani. Hao wanaoshindwa sijui huwa ni wa nani.

Alianza Redio, wa kitanda cha chini kwenye kona. Wa juu yake hakuwepo, hakuwahi kuwepo. Kila aliyepangiwa kulala pale aliomba kuhamishwa kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa Redio alikuwa akiongea hata usingizini. Sasa alikuwa bibi mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alieleza kwamba anaishi kwa binti yake, akaeleza presha, akaeleza paka wa jirani na tabia zake, mpaka Kiranja akagonga kengele. "Tumepokea!" walisema wote kwa haraka, kabla hajaongeza.

Zamu zikaenda, hatimaye akasimama Twiga. Alikuwa bado mrefu, uzee haukumpunguza kitu.

"Mimi nimeuza nyumba," alisema, na moyo wa Kimya ukaruka kwa furaha. "Mwezi ujao nasafiri. Mwanangu ameniita nikakae naye huko ng'ambo, mkewe amejifungua mapacha. Hata koti la baridi nimeshanunuliwa!"

Watu wakashangilia. Twiga hakukaa. Alimwekea Kimya mkono begani, mkono ule ule. "Na huyu mwenzangu! Mnajua tuliwahi kuapiana kwamba tutazeekea nyumba moja? Eti yeye ashone, mimi niongee! Jamani, tulikuwa na vituko!"

Bwalo zima liliangua kicheko. Kimya naye alicheka. Alicheka vizuri tu, mtu asingejua.

"Tumepokea!"

Sasa zamu ikawa ya wa chini. Kimya alisimama. Maneno aliyoyazoea mbele ya kioo yalikuwa pale pale mdomoni na hayakuwa tena na pa kwenda, na mengine hakuwa ameyaandaa. Akajikaza kisabuni. "Mimi ni mzima," alisema. "Nimepaka chumba rangi. Nimetengenezesha kitanda." Akaongeza, "Kirefu."

Walimsubiri kidogo waone kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. "Tumepokea!" waliitikia, na Twiga aliitikia kwa sauti kuliko wote. Hapo ndipo Kimya alipoumia hasa. Angekataliwa, angelia yakaisha. Lakini hakukataliwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alikuja kuomba.

Kwenye foleni ya chai mtu alimvuta kiwiko. Alikuwa Redio, kipande cha keki mkononi.

"Mwenzangu, hicho chumba kina dirisha?"

"Kina."

"Linafunguka?"

"Linafunguka, Redio."

"Maana mimi kwa binti yangu nalala na wajukuu, na masanduku ya mkwe, na baiskeli. Wananipenda, sisemi hawanipendi. Lakini nikianza tu kuongea, kila mtu anachomeka vile vidude vya masikioni." Aliitazama keki yake. "Nasema tu. Mtu akiwa na chumba, na mwingine hana..."

Kimya alikuwa na kidonda kibichi, na mwenye kidonda hampigi teke aliyemuumiza, humpiga aliye karibu. "Mimi na wewe, nyumba moja?" alisema, akacheka kwa sauti ambayo darasa halikuwahi kuisikia kwake. "Redio, majirani si watahama!"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Redio naye akacheka. Alicheka vizuri tu. Akapangusa kwenye blauzi makombo ambayo hayakuwepo, akaenda kukaa peke yake. Kimya, birika mkononi, alikitambua kile kicheko, maana ni yeye aliyekuwa amekivaa muda si mrefu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alitaka kumfuata. Lakini Twiga alimwita wapige picha, na yeye akaenda kupiga picha.

Kesho yake jioni aliingia kile chumba akajilaza kwenye kitanda. Miguu yake iliishia mbali na mwisho, na pale palipobaki mtoto angeweza kulala. Sebuleni televisheni ilikuwa inasema na ukuta. Alikuwa mpweke, kama miaka yote hiyo, ila safari hii hakuwa na wa kumsubiri. Akachukua simu.

Redio alipokea mara moja. Lakini hakusema neno. Kimya aliingoja ile mvua ya maneno, isinyeshe. Ikambidi aanze yeye.

"Dirisha linatazama mashariki," alisema. "Asubuhi jua linaingia."

Kimya akaihamishia simu sikio la pili.

"Jana nilikukosea. Nisamehe, ndugu yangu. Kama bado unakitaka chumba, njoo. Nataka uje."

"Mimi ni mfupi," alisema Redio mwishowe.

"Nakujua."

"Na wewe ulisema kitanda kirefu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina mzaha. "Pale bwaloni nilikuwa namwangalia Twiga, nione kama amesikia. Hakusikia, eti?"

Kimya alifumba macho. Kumbe katika bwalo zima lile, aliyemsikiliza alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyemcheka mbele za watu. "Hakusikia," alisema.

"Kwa hiyo mimi ningekuwa wa pili."

Angeweza kudanganya, na uongo wenyewe ungekuwa wa heri. Lakini alimwonea aibu mtu aliyemsikiliza vile. "Ndiyo," alisema. "Ungekuwa wa pili."

Upande wa Redio mtoto alikuwa analia, na mtu mzima akauliza kwa ukali nani amehamisha baiskeli.

"Haya," alisema Redio. "Acha nifikirie." Akakata simu.

Tangu dunia iumbwe, hakuna aliyewahi kukatiwa simu na Redio. Kimya alibaki ameishika sikioni, akisikiliza kitu ambacho hakikuwepo tena. Kisha aliinuka, akanyoosha shuka pale alipolalia, akaenda sebuleni kuizima televisheni, ili simu ikiita aisikie.